Tuichoreje Mashine Inayofundishwa?

Ukipita kwa kinyozi utaona vichwa vimechorwa ukutani, kila kichwa na mtindo wake wa nywele. Kwenye mashine ya kusaga utaona gunzi la mahindi na debe. Kwenye zahanati mara nyingi kuna mama anayempeleka mtoto kupimwa uzito. Michoro hiyo husomwa na kila mtu, aliyepita kisomo na asiyepita, tena bila kulipa senti. Ndiyo maana wenye jambo la kuwaambia watu wengi huukimbilia ukuta.

Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya wachoraji wa kuta za mitaani na wanasayansi, na juu ya jambo moja gumu kuchora. Jambo hilo ni akili mnemba. Siku hizi neno hili linasikika redioni kila mara. Wengine husema akili bandia. Maana yake ni kompyuta au simu iliyofundishwa kufanya kazi ambazo tumezoea kuziona zikifanywa na akili ya mtu: kutambua sura, kujibu swali, kutafsiri lugha, au kusema jani hili lina ugonjwa gani.

Kwanza tutazame kazi ambazo wachoraji na wataalamu wamekwisha kuzifanya.

Mwaka 2014 ugonjwa wa Ebola ulipoenea Liberia, wachoraji wa mji mkuu wa Monrovia walichora dalili zake kwenye kuta kubwa za barabarani: mtu mwenye homa, mtu anayetapika, mtu anayeharisha. Ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 11,000 katika Afrika Magharibi. Mwaka 2020, wakati wa Korona, vijana wa Mathare, Nairobi, walichora kuta za mtaa wao kuwahimiza watu wavae barakoa na wanawe mikono. Katika kazi za namna hii mtaalamu wa afya analeta habari ya kweli, na mchoraji analeta mkono na macho. Mtaalamu akifanya peke yake, huenda akajaza ukuta maneno ambayo hakuna atakayesimama kuyasoma. Mchoraji naye akifanya peke yake, anaweza kuchora kitu cha kupendeza ambacho si kweli.

Mfano mwingine unatoka Ulaya. Karibu na mji wa Geneva, Uswisi, kuna kituo kikubwa cha sayansi kiitwacho CERN, ambako wataalamu huchunguza vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Chini ya ardhi, kiasi cha mita 100, wamejenga chombo kiitwacho ATLAS. Urefu wake ni mita 46 na kimo chake mita 25. Mpita njia hawezi kukiona. Basi mwaka 2010 mchoraji wa Kimarekani aitwaye Josef Kristofoletti alikichora chombo hicho juu ya ukuta wa jengo lililo hapo hapo juu ya ardhi. Mchoro una kimo cha ghorofa tatu. Kitu kilichofichwa shimoni sasa kinaonekana na anayepita kwa baiskeli.

Lakini akili mnemba ni ngumu zaidi. Ebola ina mgonjwa, unaweza kumchora. ATLAS ni chuma, unaweza kukichora. Akili mnemba haina mwili wowote. Sasa wachoraji wengi wa magazeti na matangazo wamefanya nini? Wamechora mtu wa bati, mweupe, anayeng'aa, mwenye macho ya bluu, ameshika kidevu kama mzee anayefikiri. Au wamechora ubongo unaowaka taa. Picha hizo zimejaa kila mahali.

Zimejaa kiasi kwamba mwaka 2021 watafiti na wasanii nchini Uingereza walianzisha mradi uitwao Better Images of AI, kwa ajili ya kutengeneza picha za kweli zaidi za jambo hili na kuzitoa bure kwa wanaozihitaji. Hoja yao ni kwamba mtu wa bati anadanganya. Tunavyoona sisi, anadanganya kwa njia mbili. Mtu wa kwanza akimwona, anaogopa, anasema, "Jini hilo, mimi simo." Mtu wa pili anamwona kama mganga anayejua yote, anatii kila analoambiwa. Wote wawili hawaulizi swali. Na kitu ambacho watu hawakiulizi swali kinaweza kuwaletea hasara bila wao kujua imetoka wapi. Hasa sisi wa vijijini, maana kitu kinatufikia kikiwa kimekwisha kutengenezwa.

Basi tufikiri kidogo. Tuseme kuna ukuta mweupe wa ghala la ushirika. Mchoraji amekuja na makopo yake ya rangi, na mtaalamu wa kompyuta amekuja na karatasi zake. Wamekaa chini ya mwembe. Nadhani mazungumzo yao yangekwenda hivi:

"Mtaalamu, hii akili yako ina kichwa?"

"Haina, fundi."

"Ina macho?"

"Haina. Ina namba."

"Sasa nikichora namba ukuta mzima, nani atasimama hapa kuangalia?"

"Basi chora mkeka."

Mkeka? Ndiyo. Ukiikuza sana picha iliyo ndani ya simu, utaona imegawanyika vipande vidogo vya mraba, kimoja rangi hii, kingine rangi ile, kama mkeka uliosukwa kwa miyaa ya rangi mbalimbali. Ukiwa mbali unaona ua. Ukisogea karibu unaona miyaa tu. Simu huandika kila kipande kwa namba tatu: nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, bluu kiasi gani. Kwa kawaida kila namba huanzia 0 hadi 255. Kwa hiyo jani la muhogo unalolipiga picha, ndani ya simu si jani tena. Ni mkeka wa namba.

Sasa mashine inajifunzaje? Kumbuka mtoto anayepelekwa kupalilia mpunga kwa mara ya kwanza. Anang'oa mpunga, anaacha magugu. Mama anamwambia, "Huo ni mpunga, acha." Anang'oa tena, anasahihishwa tena. Baada ya siku kadhaa mkono wake umejua, ingawa ukimwuliza tofauti ni nini, huenda akashindwa kukueleza. Mashine nayo hupewa picha pamoja na jibu lake. Inakisia. Ikikosea, hesabu zake za ndani hurekebishwa kidogo. Inapewa picha nyingine. Mwendo huo hurudiwa maelfu ya mara, hata mamilioni, mpaka makosa yapungue.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1958 huko Marekani mtaalamu aitwaye Frank Rosenblatt alionyesha kompyuta iliyojifunza kutofautisha kadi zenye alama upande wa kushoto na kadi zenye alama upande wa kulia. Ilihitaji kujaribu mara 50. Waliopita kisomo wanaijua hali hiyo, maana b na d ziliwasumbua wengi.

Kuna tofauti moja, na mchoraji asiisahau. Yule mtoto wa shambani anajua mpunga ni chakula. Anajua njaa ni nini. Mashine haijui. Ina mkeka wa namba, na ina majibu iliyopewa na watu.

Watu gani hao? Hapa ndipo ukuta unapoanza kujaa. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani, wakiongozwa na mama mmoja aitwaye Fei-Fei Li, walitangaza ghala kubwa la picha za kufundishia kompyuta, jina lake ImageNet. Baadaye likafikia picha zaidi ya milioni 14. Kila picha ilihitaji mtu wa kuitazama na kusema: hii ni mbwa, hii ni kikombe. Kazi hiyo ilifanywa na watu wapatao 49,000 kutoka nchi 167, kila mmoja kwenye kompyuta yake, kwa malipo madogo madogo. Majina yao hayajulikani na wengi. Kwa hiyo sisi tunaona kitu cha kwanza kuchorwa ni mikono. Mikono mingi, ya wake kwa waume, inasuka ule mkeka.

Mikono mingine ni ya hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2023 gazeti la Time la Marekani liliandika habari za vijana wa Nairobi waliokuwa wakisoma maandishi machafu, ya ukatili na ya aibu, na kuyawekea alama ili mashine ifundishwe kuyakwepa. Walikuwa wakipata chini ya dola 2 kwa saa. Wengine walisema kazi ile iliwaumiza rohoni. Unapoiuliza mashine swali na ikakujibu kwa adabu, adabu ile ilipaliliwa na mtu. Huyo naye apewe nafasi ukutani.

Wachoraji wenyewe pia wamewahi kuifundisha mashine. Katika chuo cha ufundi cha Georgia Tech, mjini Atlanta, Marekani, wataalamu waliwaalika wachoraji wa mitaani wachore herufi kwa rangi ya kupuliza, huku kamera maalumu zikiandika kila mwendo wa mkono: ulipanda wapi, ulishuka wapi, kwa kasi gani. Kisha walitengeneza mashine inayoning'inia kwa kamba nne kwenye fremu ya chuma yenye kimo cha mita 3. Kamba zikivutwa na mota, kopo la rangi linakwenda huku na huku, linapuliza. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka 2022. Herufi zilizotoka zilikuwa za mtindo wa wachoraji wale wale. Mashine haikuwa na mtindo wake. Iliiga mabega na vifundo vya mikono ya watu. Mtu anayeona ukuta ule bila kuambiwa atasema, "Mashine inajua kuchora!" Akiambiwa, atauliza, "Mkono huu ulikuwa wa nani, na aliridhia?" Swali la pili ndilo tunalolitaka.

Sasa tufike kwenye barakoa nyeupe. Habari hii tutaikalia kidogo.

Joy Buolamwini ni mwanasayansi wa kompyuta mwenye asili ya Ghana, naye pia ni mshairi. Alipokuwa mwanafunzi katika chuo cha MIT, Marekani, alikuwa anatengeneza kioo cha sanaa ambacho kingemwekea mtu picha nyingine juu ya uso wake. Programu aliyoitumia ilitakiwa kwanza ione uso. Uso wake, ambao ni mweusi, haikuuona. Akachukua barakoa nyeupe ya plastiki, akaivaa. Papo hapo mashine ikaona uso! Uso wa plastiki ulionekana, wa binadamu haukuonekana.

Wengine wangekasirika na kuacha. Yeye alipima. Pamoja na mwenzake Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walikusanya picha 1,270 za wabunge kutoka nchi tatu za Afrika, yaani Rwanda, Senegal na Afrika Kusini, na nchi tatu za Ulaya, yaani Iceland, Finland na Sweden. Wakazipitisha picha hizo kwenye programu za makampuni matatu, wakiziuliza jambo rahisi: huyu ni mwanamume au mwanamke? Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Kwa wanaume weupe, hata programu iliyokosea zaidi haikufikisha kosa 1 katika picha 100. Kwa wanawake weusi, programu moja ilikosea picha 34 hadi 35 katika kila 100. Yaani mama mbunge mmoja kati ya watatu aliambiwa ni mwanamume.

Sababu moja kubwa ni mafunzo. Walipochunguza maghala mawili ya picha yaliyotumika kupima programu za aina hii, waliona kwamba kati ya kila nyuso 100, nyuso karibu 80 au zaidi zilikuwa za watu weupe. Ni sawa na kumfundisha mtoto kupalilia kwenye shamba la mahindi tu, kisha ukampeleka kwenye mpunga. Asilaumiwe mtoto. Aulizwe aliyemchagulia shamba.

Mchoraji yeyote akisikia habari ile, mkono wake utawasha. Uso mweusi, na mbele yake barakoa nyeupe. Hauhitaji maneno. Lakini mtaalamu amkumbushe mchoraji jambo moja: baada ya kuonyeshwa makosa, makampuni yalirekebisha programu zao, na makosa yalipungua. Kwa hiyo pembeni pachorwe pia mtu mwenye daftari na kalamu, anahesabu. Makosa yale hayakuondoka kwa dua. Yaliondoka baada ya mtu kuyahesabu na kuyasema hadharani.

Sehemu ya mwisho ya ukuta wetu ni shamba la muhogo.

Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani na wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA walitangaza kazi waliyoifanya kwa picha 2,756 za majani ya muhogo, zilizopigwa katika mashamba ya pwani ya Tanzania. Wajuzi wa mihogo waliitaja kila picha: hii ina batobato, hii ina michirizi ya kahawia, hii imeliwa na utitiri, hii ni nzima. Kompyuta ikafundishwa. Kutokana na kazi ya namna hiyo ikapatikana programu ya simu iitwayo Nuru, ambayo hutazama jani na kutaja tatizo, tena kwa Kiswahili, hata mahali pasipo na mtandao. Wenye kuitengeneza ni PlantVillage, wa Chuo Kikuu cha Penn State, pamoja na IITA.

Je, inasema kweli? Ilipimwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2020. Nuru ilipatia 65 katika kila 100. Mabwana shamba na mabibi shamba walipatia kati ya 40 na 58. Wakulima tulipatia kati ya 18 na 31. Tusione haya kwa hesabu hiyo. Michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa hila. Jani linaweza kuonekana zima, kumbe muhogo ndani umeoza na kuwa kama gome kavu la kahawia.

Lakini angalia tena ile 65. Maana yake mashine ilikosea mara 35 katika 100. Mkulima anayedhani simu ni mganga ataonyeshwa jani moja, ataambiwa shamba lina ugonjwa, atang'oa mashina mazima. Mwenziwe ataambiwa ni salama, atakata pingili zenye ugonjwa, atawagawia ndugu zake msimu wa kupanda, na ugonjwa utatembea kijiji kizima. Wataalamu wenyewe waligundua dawa nafuu ya tatizo hili: usionyeshe jani moja. Onyesha majani sita ya shina lile lile. Ukifanya hivyo, usahihi unapanda hadi kati ya 74 na 88 katika 100. Na ukiwa bado na shaka, chimba shina moja, kata muhogo kwa kisu, tazama ndani.

Hayo nayo yanachoreka. Shina moja la muhogo, majani sita yamewekwa alama ya rangi, mkono mmoja una simu na mkono wa pili una kisu. Juu ya ukuta wa ghala, mahali ambapo watu wanasimama foleni wakisubiri mizani, mchoro huo ungesomwa na wengi kuliko gazeti letu hili. Tunasema hivyo bila wivu.

Mkisoma somo hili katika kikundi, msomaji mmoja asome kwa sauti, kisha mzungumze. Kuna simu au mashine gani hapo kijijini ambayo watu huamini jawabu lake bila kuuliza? Nani aliifundisha, na kwa mashamba au nyuso za wapi? Mwenye simu yenye Nuru ailete shambani, mjaribu kwa jani moja, halafu kwa majani sita, mkaandike tofauti kwenye daftari la kikundi. Kama kuna fundi wa kuchora vibao hapo karibu, mwiteni naye asikilize. Mwulizeni, akipewa ukuta mmoja na makopo matatu ya rangi, angeanza na mkeka, na barakoa, au na shina la muhogo?